Angalia Mshono Kabla ya Rangi: Kumtambua Mdudu kwa Picha za Simu

Mdudu aliyenifungua macho alikuwa mdogo kama kifungo cha shati. Nilimkuta juu ya alizeti katika shamba la mama mkwe wangu, Shinyalu, akiwa kijani cha kung'aa chenye madoa meusi, na kila nilipoisogeza simu kijani kile kiligeuka buluu. Nilimpiga picha tisa. Usiku ule nikamweka kwenye iNaturalist, programu ambamo watu husaidiana kutambua viumbe kwa picha, nikamwandika "mbawakawa", nikalala na furaha yangu. Asubuhi nikakuta mtu nisiyemjua amenijibu kwa upole: huyu si mbawakawa, ni wa ukoo wa kunguni, hebu angalia mgongoni, mshono uko wapi?

Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko soko la Kibuye, Kisumu. Swali la mshono haliwezi kunipita. Nikaikuza picha. Kweli, mgongo mzima ulikuwa kipande kimoja, kutoka mabegani mpaka mwisho wa tumbo, bila mkato katikati. Mbawakawa hashonwi hivyo. Mabawa yake mawili ya mbele yamekuwa magumu kama ganda, nayo hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka, kama koti lenye mshono wa nyuma. Yule wa alizeti ana ngao moja iliyoanzia kifuani ikakua mpaka ikafunika mabawa na tumbo lote. Mdomo wake nao si wa kutafuna, ni mrija mwembamba anaoulaza chini ya kifua asipokula. Jenasi yake, yaani kundi dogo la spishi za karibu, ni Calidea, ndani ya kundi kubwa zaidi, familia ya Scutelleridae, na kunguni wa kitanda ni ndugu yake wa mbali.

Tangu siku hiyo namtazama mdudu ninavyoitazama nguo mteja anapoiweka mezani. Naanza na mkato, nafuata mshono, rangi nawacha mpaka mwisho. Kitambaa kile kile chaweza kutiwa rangi kumi. Kuna kipepeo wa huku kwetu anayeitwa Precis octavia: wanaokua wakati wa mvua hutoka wekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, na wanaokua kiangazi hutoka buluu. Ni spishi moja. Ukitafuta jina kwa rangi peke yake utawapa watoto wa mama mmoja koo mbili.

Kabla ya kutoka nyumbani

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, kwa hiyo safari zangu ni za Jumatatu. Naenda na mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye mikono yake haitetemeki akishika simu. Tunapanda matatu ya Kakamega, tunashuka Khayega, tunachukua boda hadi Shinyalu kumsalimia Mama, kisha Isecheno, msituni. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Guinea na Kongo, ndiyo maana humo mna wadudu usiokutana nao pengine popote Kenya. Vipepeo peke yao wanapita spishi 400. Lakini huhitaji kwenda mbali ili kujifunza. Ua wa lantana nyuma ya kibanda changu, na taa ya choo cha soko, vimenifundisha mengi.

Simu ya kawaida inatosha. Hakikisha tarehe na saa ni sahihi, na kwamba kamera imeruhusiwa kuandika mahali picha ilipopigwa, maana jina la mdudu bila mahali ni nusu ya jina. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Mafuta ya kidole ndiyo ukungu wa nusu ya picha mbaya ninazoletewa. Mimi nabeba tepu yangu ya kupimia, kipande cha bitana nyeupe cha ukubwa wa leso, na soksi ndefu za kuingizia suruali kwa sababu ya siafu. Basi.

Neno moja kuhusu WhatsApp, kwa sababu limenigharimu. Picha ikitumwa huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na tarehe na mahali vilivyofichwa ndani yake hupotea. Mpwa wangu alinitumia hivyo picha za safari nzima kisha akafuta zake ili kupata nafasi. Nilibaki na wadudu wazuri wasio na siku wala mahali. Mkipeana picha kwa WhatsApp, zitumeni kama hati, si kama picha.

Chukua vipimo vyote

Mteja wa suti akija, sipimi kifua peke yake. Napima mabega, kiuno, mkono, urefu. Mdudu naye ana vipimo vyake, na ukivisahau msituni huwezi kuvipata nyumbani. Mgongo kutoka juu, ubavu, uso pamoja na vipapasio, na tumbo kwa chini kama anaonekana kupitia jani au kioo cha dirisha. Kisha mmea aliotua: jani lake, ua lake. Wadudu wengi ni wachaguzi wa chakula kuliko watoto. Yule kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege juu ya mchungwa au mlimau, akikua anageuka kijani, na jina lake, Papilio demodocus, lilinijia haraka kwa sababu tu nilipiga picha ya mti.

Piga picha ya kwanza ukiwa mbali, hata kama mdudu ni kidoa. Hiyo ni ya ushahidi, maana hatua inayofuata yaweza kumrusha. Halafu sogea polepole ukiwa umeinama, na uangalie kivuli chako kisimpite juu. Vipepeo hukimbia kivuli kuliko wanavyomkimbia mtu. Usibandike simu puani mwake. Kamera nyingi za simu haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu sana. Rudi nyuma kiasi cha shubiri moja, kuza mara mbili, gusa kioo pale penye jicho la mdudu, shikilia pumzi, na piga kadhaa kwa mfululizo. Katika kumi, mbili zitakuwa kali.

Saa nzuri ni asubuhi, kabla jua halijapenya majani. Mwili wa mdudu hupata joto lake kutoka nje, na kukiwa na baridi ya Kakamega saa moja ya asubuhi, kerengende hukaa kwenye kijiti akiwa na umande juu ya mabawa, unaweza kumzunguka pande zote. Saa sita huyo huyo hakamatiki hata kwa macho. Vipepeo nao wana mahali pao: baada ya mvua madume hushuka kwenye tope la njia kunyonya chumvi, na wale wa jenasi ya Charaxes, wenye mwili mnene na vimikia viwili kila bawa la nyuma, huacha maua kabisa wakafuata ndizi iliyooza na mavi ya wanyama. Usione haya kupiga goti hapo.

Mdudu anayeng'aa huharibiwa na mwanga mkali; sehemu ile yenye alama hugeuka weupe mtupu. Hapo ndipo bitana inaponisaidia. Mpwa wangu huishika kati ya jua na mdudu, mwanga ukalainika, mishono yote ikaonekana. Nikitumia tochi, naifunika kwa bitana ile ile iliyokunjwa mara mbili. Kisha tepu: ilaze kando ya mdudu, usimguse, upige picha moja yenye namba za milimita. Milimita nane na milimita kumi na nane mara nyingine ni jenasi mbili tofauti, na picha iliyokuzwa haisemi ukubwa.

Kila mdudu mmoja akiisha, napiga picha ya kiganja changu kabla ya kwenda kwa mwingine. Nyumbani, kiganja hadi kiganja ni mdudu mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa nachanganya nyuki wawili wa ua moja nikidhani ni mmoja, na watu wakibishana juu ya mdudu asiyekuwepo.

Mikono iwe mbali. Kuna kale kadudu kembamba, nyekundu ya chungwa na nyeusi kwa zamu, wanakoita nzi wa Nairobi. Si nzi, ni mbawakawa wa jenasi ya Paederus mwenye mabawa mafupi kama kibwebwe, tumbo lote liko wazi nyuma. Haumi wala hachomi, lakini ukimponda juu ya ngozi, sumu iliyo mwilini mwake huunguza kama maji ya moto, na ukijigusa jicho baadaye utajuta. Mpige picha, mpulize, nawa kwa sabuni. Na usimtie mdudu yeyote kwenye chupa ukatoka naye msituni. Kukusanya kunahitaji kibali.

Miguu, mabawa, vipapasio

Jioni, ukiwa umekaa na chai, ikuze picha na uhesabu. Mimi huhesabu kwa sauti.

Miguu sita ni mdudu. Minane ni buibui, kupe au nge, na hapo unahama nyumba nzima. Lakini usishtuke ukikuta kipepeo mwenye miguu minne. Nilishtuka mimi, nikadhani ndege amemnyofoa miwili. Familia kubwa ya Nymphalidae ndivyo ilivyo: miguu miwili ya mbele imekuwa midogo, imekunjwa kifuani kama brashi, haitumiki kutembea. Kwa hiyo nne si kilema, ni alama, nayo inakupunguzia kazi sana, kwa sababu sasa umeshajua familia.

Kisha mabawa. Nyuki na nyigu wana manne, nzi ana mawili. Hili peke yake limetoa majina mengi ya uongo kwenye daftari langu. Juu ya maua utamwona "nyuki" mwenye mistari ya manjano, akielea hewani kama amening'inizwa kwa uzi. Tazama picha: mabawa mawili tu, vipapasio vifupi kama punje, na macho yaliyochukua karibu kichwa chote. Huyo ni nzi wa familia ya Syrphidae, hana mwiba, amevaa sare ya nyuki ili ndege wamwogope. Mmoja wao, Eristalinus taeniops, ana macho yenye mistari ya kusimama kama kitambaa cha pajama. Nilipomwona mara ya kwanza nilimwita jirani yangu auzaye vitenge aje atazame.

Sisi wa Kisumu tunawajua sami, wale wanaoinuka ziwani kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, wakajaa kwenye taa na ukutani. Wageni huwapiga picha wakaandika "mbu". Sami hana mrija mrefu wa kunyonyea damu. Pia tazama anavyosimama: mbu akitua huinua miguu ya nyuma, ilhali sami wa familia ya Chironomidae huinua ya mbele, kama mtu anayepapasa gizani. Usimhukumu kwa vipapasio vyenye manyoya, maana madume ya mbu na madume ya sami yote yanavyo.

Vipapasio vinasema mengi kwa wengine. Kipepeo ana kirungu kidogo kwenye ncha. Nondo ana uzi mtupu au unyoya. Kwa hiyo yule "ndege mdogo" anayevuma mbele ya lantana mchana kweupe akinyonya kwa ulimi mrefu, ambaye Mama alisisitiza kwamba ni chozi, ni nondo wa jenasi ya Macroglossum. Tulimwonyesha picha. Akasogeza miwani, akatazama vipapasio, akasema, "Haya mwanangu, ndege hana hivyo." Vivyo hivyo kwa senene na panzi. Senene, Ruspolia differens, ana vipapasio vyembamba virefu kuliko mwili wake. Panzi wa kawaida na nzige wana vifupi, vinene kidogo. Sokoni mtu hakosei kwa sababu anakula, lakini kwenye picha ya kijani juu ya kijani wengi hukosea.

Kumbikumbi ndio ninaowapenda kufundishia watoto, kwa sababu kila nyumba ya magharibi inawajua. Waluo tunasema ng'wen, wakwe zangu wanasema tsiswa. Mabawa yao manne yanalingana urefu, yote yametoka kitambaa kimoja, kiuno hawana, vipapasio vimenyooka kama shanga zilizotungwa. Chungu mwenye mabawa anaporuka msimu huo huo, mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, kiuno kimebanwa, na vipapasio vimepinda kama kiwiko. Mchwa na chungu si jamaa hata kidogo. Siku hizi wataalamu wamemweka mchwa katika oda (kundi lililo juu ya familia) moja na mende, Blattodea, habari ambayo Mama hakuifurahia huku ana bakuli mkononi.

Kerengende sitawamaliza hapa. Anayetua huku amekunjua mabawa kama ndege ya abiria ni wa kundi moja. Mwembamba anayeyakunja juu ya mgongo, mwenye macho yaliyotengana kama vichwa vya pini mbili, kwa kawaida ni wa kundi la pili. Wa tatu ni mwigaji: anafanana na kerengende lakini vipapasio vyake vinaonekana waziwazi, vina kirungu, na anaruka kwa kulegea. Huyo ni yule yule anayechimba vishimo vya mchanga kutegea chungu akiwa mchanga, sasa ameshakua.

Na mdudu mchanga muache palepale alipofikia. Panzi asiye na mabawa kamili, mwenye vijibawa kama vishikizo vya begani, hajamaliza kukua. Familia utaipata, jenasi labda, spishi mara nyingi hapana.

Wawili waliovaa sare moja

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo nilipojifunza kutazama.

Kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe kwenye weusi ule, utamkuta Nakuru, Kisumu, Kakamega, hata kando ya barabara ya lami. Anaruka taratibu kana kwamba hana adui. Ni Danaus chrysippus, na kweli maadui wake ni wachache: akiwa kiwavi alikula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu ile bado anayo mwilini. Ndege akimwonja mara moja hatamrudia.

Sasa kuna jike wa spishi nyingine, Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu ile lakini amevaa nguo ile ile. Chungwa lile lile, ncha zile zile, madoa yale yale. Miguu haikusaidii, wote wawili ni Nymphalidae, wote wanasimama kwa minne. Nilikuwa na picha ishirini na tatu za "Danaus" na nilikuwa na hakika nazo zote. Kisha nikaambiwa niangalie bawa la nyuma. Danaus jike ana madoa matatu meusi katikati ya bawa hilo, na dume ana la nne, kubwa kidogo, ambalo ni mfuko wake wa harufu. Hypolimnas jike ana doa moja tu jeusi, liko ukingo wa mbele wa bawa la nyuma, pale ambapo bawa la mbele hupenda kulifunika.

Nikazipitia picha upya, moja moja. Nne zilikuwa za Hypolimnas. Sita sikuweza kuzisema, kwa sababu nilikuwa nimepiga kwa pembe ambayo bawa la mbele limeficha doa. Sita zile ziliniuma kuliko zile nne nilizokosea, kwa kuwa mdudu alikuwa mbele yangu, ametulia, na hatua moja tu ya kuzunguka ingetosha. Tangu hapo nikikutana na chungwa lile sinyanyuki mpaka nione bawa la nyuma, juu na chini.

Usimkadirie kwa weupe, pia. Danaus mwenye bawa la nyuma jeupe yupo, na yule Hypolimnas naye ana namna ya kumfuata. Dume wa Hypolimnas ndiye hana matata: ni mweusi, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lenye kivuli cha zambarau, huwezi kuamini ni mume wa yule bibi.

Programu inakisia, watu wanatambua

Mimi natumia iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unaweka picha, inakupa majina ya kukisia, kisha watu wanakubali au wanakataa wakieleza kwa nini. Ili kumbukumbu ipate alama ya kufaa kwa utafiti, inahitaji picha, tarehe, mahali, mdudu awe wa porini, na zaidi ya theluthi mbili ya waliomtambua wakubaliane juu ya spishi, wasipungue wawili. Wawili hao wanaweza kukosea pamoja, kwa hiyo ukiona alama usiyokubaliana nayo, sema, na uonyeshe sehemu.

Kosa kubwa ninaloliona kwa wanaoanza ni kuchukua jina la kwanza lililotokea. Mashine imejifunza kwa picha za watu, na picha nyingi zimetoka Ulaya na Marekani. Ikikosa wa Shinyalu, itakupa wa huko. Soma kama spishi hiyo imewahi kuonekana karibu nawe, fungua ramani yake, kisha linganisha sehemu kwa sehemu: mstari huu upo? doa lile lipo? Kama huwezi kutaja kitu kimoja kinachokufanya uamini jina, usiliandike. Andika familia. Andika oda. "Mbawakawa, basi" ni jibu la kweli, na mtaalamu wa mbawakawa atalikuta hapo akilitafuta. Wadudu wengi wadogo hawatambuliki kwa picha hata ukiwa na kamera ya bei ya nyumba; hutofautishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini.

Weka picha zote za mdudu mmoja katika kumbukumbu moja, na wadudu wawili wasikae pamoja hata kama ni mume na mke. Punguza kingo ili mdudu ajaze picha, lakini utunze ile nzima kwa ajili ya mmea. Jina la kisayansi lina maneno mawili, la kwanza kwa herufi kubwa, la pili ndogo. Jina la nyumbani liandike pia kwenye maelezo. Mimi huandika la Kiswahili, la Kijaluo, na lile analolitaja Mama.

Mahali pa nyumbani kwako pafiche, programu inaruhusu. Nawashauri mfiche pia mahali pa Goliathus goliatus, lile dubwana la Kakamega la kahawia na mistari myeupe mabegani, ambalo dume laweza kufika sentimita kumi. Mama analikumbuka likinyonya utomvu wa miti alipokuwa msichana wa kuokota kuni. Wapo wanaonunua wadudu hao kwa makusanyo yao ng'ambo, na sitaki picha yangu iwe ramani yao.

Shuka ya usiku

Nikilala Shinyalu, natundika mita mbili za kitambaa cheupe cha pamba nje ya jikoni na kuwasha taa mbele yake. Usiku usio na mbalamwezi, wenye joto na mawingu, ndio bora. Shuka ikikunjamana vivuli vitakuharibia kazi, kwa hiyo ivute uifunge kwa pini. Piga picha ukiwa upande, si mbele ya taa, na utembee kwa uangalifu maana nondo wengi hutua majanini.

Usiku mmoja liliingia dude la kahawia, refu kama kidole, tumbo kama soseji, likavuma likagonga kitambaa na kuanguka. Watoto wakapiga kelele "nyigu!" Mpwa wangu akapiga mgongo, ubavu, uso, tepu. Mabawa manne. Kiuno chenye kifundo kimoja. Ilichukua siku mbili watu kukubaliana: dume la siafu, jenasi ya Dorylus. Siafu tunaowakwepa njiani ni wafanyakazi, vipofu, hawana mabawa. Dume lao hutoka usiku kutafuta jike na kuvutwa na taa. Mwiba halina, kwa sababu katika oda hiyo yote ni majike tu wanaoweza kuchoma. Nilipomweleza Mama, alitoka akalitazama lile dude kwa muda, kisha akauliza, "Na hawa wengine wote chini, ni dada zake?" Ndiyo, nikamwambia, wengi wao.

Usiku huo huo alikuja nondo mmoja wa rangi ya majani makavu, ametandaza mabawa bapa juu ya kitambaa, na mstari mmoja mwembamba ukikata mabawa yote manne bila kupinda, kama chaki na rula. Nimempiga pande zote isipokuwa chini. Yuko kwenye familia ya Geometridae mpaka leo, hakuna aliyethubutu kumshusha zaidi. Viwavi wa familia hiyo hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha, shubiri baada ya shubiri, na jina lao kwa Kigiriki lina maana ya wapima ardhi. Mvua za vuli zikianza nitatundika kitambaa pale pale, na safari hii nitabeba kioo kidogo cha kumwona kwa chini.